Maswali ya Wasomaji: Landilodi wa Thailand hataki kuniandikisha, kosa ni la nani?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa watu wetu walioko Thailand au wanaojipanga kwenda, na karibu zote zinalia na fomu moja inaitwa TM30, ile ya kuripoti mgeni analala wapi. Hizi hapa chache.

*Habari mkubwa. Mi ni wa Jinja, nimepata kazi ya kufundisha huku Nakhon Ratchasima. Shule ilinipa chumba mwanzoni alafu nikahama nikapanga kachumba kangu. Sasa ofisi ya shule wananiambia viza haiwezi kuongezwa bila TM30, nikamwandikia mama mwenye nyumba kwa LINE (ile app ya meseji ya huku) akajibu eti hajawahi kufanya hio kitu na wapangaji wengine hawamsumbui. Kosa ni langu ama lake? Na faini analipa nani? – Mwalimu*

Mwalimu, kisheria kosa ni lake ila usumbufu ni wako, na hapo ndio wengi wanachanganyikiwa. Sheria ya uhamiaji ya Thailand ya 1979, kifungu cha 38, inasema mwenye nyumba au anayeishikilia hio nyumba akipokea mtu wa nchi nyingine lazima aripoti kwa uhamiaji ndani ya saa 24 tangu mgeni aingie, na mahali hakuna ofisi ya uhamiaji anaripoti kituo cha polisi. Asiporipoti, nyumba ya kawaida faini yake haizidi baht 2,000, hoteli ndio inaumia zaidi, kuanzia 2,000 mpaka 10,000. Hicho kifungu hakimtaji mgeni kama mtu wa kulipa. Lakini siku utasimama kaunta kuongeza viza, afisa hatapanda pikipiki kumtafuta yule mama, atakuangalia wewe uliye mbele yake, atauliza karatasi iko wapi, na kama haipo faili yako inawekwa pembeni mpaka fomu ijazwe na faini itoke kwa mfuko wa mtu. Na mwenye haraka ndiye hutoa. Si haki, lakini ndivyo kulivyo.

Usimchukulie huyo mama kama mtu mbaya. Wenye nyumba wengi wa mikoani hawajawahi kupangisha mgeni na hio fomu hawaijui kabisa, wengine wanaijua vizuri ila wanaogopa kodi, maana akishaandika kwa serikali kwamba chumba fulani kina mpangaji, basi mapato yake yameonekana. Na sisi tunafika huko na akili ya nyumbani. Hapa Uganda landilodi anakujua kwa tarehe ya kulipa tu, ukitaka barua ya makazi unajipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa LC1, yani wa serikali ya kijiji au mtaa, anakugongea muhuri unaenda zako. Kule nguvu iko kwa yule ambaye nyumba ni yake kwa karatasi, na karatasi yenyewe ni kile kitabu cha nyumba wanachokiita tabien baan.

Kwa hio acha kumtumia meseji za "sheria inasema", utamkaza tu. Tafuta Mthai mmoja hapo shuleni, yule wa ofisi ndio mzuri, ampigie simu aongee naye kwa adabu na amwambie kwamba hahitaji kutoka nyumbani. Unachotaka kwake ni kopi ya kitambulisho chake na kopi ya tabien baan, zote ameweka sahihi kwa mkono wake juu ya kopi yenyewe, bila hio sahihi kaunta wanakurudishia. Wewe unaongeza mkataba wa pango wenye jina lako na kopi za paspoti, yani ukurasa wa picha, wa viza na wa muhuri wa kuingia. Ofisi nyingi zinakubali mpangaji alete mwenyewe, kwa sababu fomu inamtaja pia anayeishikilia nyumba na wewe mwenye mkataba unaweza kuhesabiwa hapo, ofisi zingine zinataka barua kwamba mama amekutuma umwakilishe, basi uliza kabla hujatoka usije ukapoteza siku nzima. Kama yeye au mtoto wake anajua mambo ya simu, uhamiaji wana mfumo wa onlaini, akishajisajili mara moja na nyumba yake ikakubaliwa, mpangaji mwingine akija ni dakika chache tu. Kule kujisajili kwa mara ya kwanza ndio kunachelewa.

Na faini? Mi ningelipa tu nimalize. Najua inauma kulipia kosa la mtu mwingine, lakini viza ikipita tarehe unahesabiwa baht 500 kila siku mpaka ifike 20,000, na hilo sasa ni kosa lako asilimia mia. Ukishapokelewa, afisa anaweka rula kwa ile sehemu ya chini ya fomu, anaikata, anagonga muhuri anakupa, wengine wanaibana na steplesi ndani ya paspoti. Hako kakipande ndio mali. Usikang'oe eti paspoti imekuwa nene, na kapige picha ukaweke mahali.

Kwa wale bado mnatafuta chumba: hili swali linaulizwa kabla ya dipoziti. Mtu ambaye hajapokea pesa yako anakubali mambo mengi. Mwambie aandike kwa mkataba kwamba ataripoti TM30 siku ya kuingia ama atakupa kopi zake zikiwa na sahihi, akikataa hapo ujue na kesho atakataa.

*Mi nafanya biashara ya nguo Kikuubo, nikienda Bangkok nalala hoteli karibu na Pratunam. Sasa kuna mtu ananipa kondo yake wiki mbili kwa nusu bei, lakini ananiambia walinzi wa chini wakiniuliza niseme mi ni rafiki yake. Kuna shida? – Mama Nguo, Kampala*

Mama, ukiambiwa uongope kwa mlinzi si tayari umejijibu? Thailand wana sheria ya hoteli ya 2004, na kupangisha kwa siku au wiki, chini ya mwezi, ni kazi ya hoteli inayotaka leseni. Mwenye kondo asiye na leseni hawezi kukuandikia TM30 kwa sababu atakuwa anajishtaki mwenyewe. Hoteli yako ya kawaida inakuandikisha kimya kimya, ndio maana kila ukifika wanaichukua paspoti wanaenda nayo nyuma kuipiga kopi. Nisikudanganye, kwa safari ya wiki mbili huenda hakuna mtu atakuuliza hio karatasi na utarudi na mizigo yako salama. Shida inaanza pale mzigo umechelewa unataka kuongeza siku. Unaenda uhamiaji na baht 1,900 zako za kuomba muda, wanauliza unalala wapi na nani alikuripoti, alafu unampigia rafiki yako wa nusu bei. Hatashika simu.

*Mi ni mwanafunzi Pathum Thani. Nilikuja nyumbani Mbarara kwa Krismasi na nilikuwa nimechukua re-entry, ile ruhusa ya kutoka na kurudi bila viza kufa. Nikirudi chumba kile kile, landilodi aripoti tena? Kuna mtu ameniambia hata ukilala mkoa mwingine usiku mmoja unaanza upya. – Mwanafunzi*

Huyo mtu anakupa habari za 2019. Mwaka huo uhamiaji walikaza sana, mtu akitoka nje ya nchi au hata akilala hoteli mkoa mwingine, akirudi kwake anatakiwa kuripotiwa upya, wageni wakapiga kelele nyingi sana mpaka kanuni ikalegezwa kuanzia 30 Juni 2020. Sasa ukiwa ulisharipotiwa kwa anwani hio, umetoka na re-entry ambayo bado inafanya kazi, na umerudi chumba kile kile, hakuna haja ya kurudia. Ukihama, au ukiingia na viza mpya, hapo unaanza upya. Ila beba ile risiti ya zamani, kuna maafisa wanapenda kuiona hata kama kanuni haiwalazimishi.

*Mtoto wangu yuko Chiang Mai, ananiambia anaripoti kila siku 90. Ndio hio TM30? Na mdogo wake anayemfuata ameombwa pesa na ajenti wa hapa kwa ajili ya "kadi ya kuingia". Tulipe? – Mzazi, Mbale*

Mzazi, hizo ni mbili tofauti. TM30 ni ya mwenye nyumba, ya siku 90 ni ya mgeni mwenyewe, fomu yake ni TM47, anaripoti kwamba bado yuko na anaishi wapi. Anaruhusiwa kuanzia siku 15 kabla ya tarehe yake mpaka siku 7 baada, akipitisha hapo akajipeleka mwenyewe ni baht 2,000. Zinakutana mahali pamoja tu, kama anwani ya TM30 haipo au ni ya nyumba ya zamani, hio ripoti ya siku 90 inaweza kukwama.

Kuhusu ajenti, msilipe hata shilingi. Tangu 1 Mei 2025 kadi ya kuingia Thailand inajazwa onlaini kwa tovuti ya uhamiaji wao, ni bure, na inajazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika, kwa hio anayetaka kuwajazia mwezi mzima kabla anawachezea. Mwambie kijana aweke anwani ya kweli ya pale atakapolala usiku wa kwanza, lakini asidhani kuijaza hapo ndio ameshaandikishwa, TM30 bado itatakiwa akifika. Pesa ya ajenti mpeni akachanje homa ya manjano kama hajachanja, sisi wa kutoka Uganda wanatudai ile kadi ya chanjo, na achanje angalau siku 10 kabla ya safari maana kabla ya hapo cheti hakijaanza kufanya kazi.