Maswali na Majibu: Diski ya Ziada Ipachikwe Yenyewe Linux Inapowaka

*Kompyuta yangu ya Linux ina diski mbili. Ya mfumo haina shida, lakini ile ya pili, ninakoweka picha na muziki, ni lazima niibofye kila ninapowasha mashine ndipo ifunguke. Nifanyeje ifunguke yenyewe?*

Linux haiipi kila diski herufi yake kama ifanyavyo Windows. Kila diski hupachikwa juu ya folda fulani ndani ya mti mmoja wa faili, yaani yaliyomo ndani yake huonekana katika folda hiyo, na mfumo unapowaka husoma faili iitwayo /etc/fstab ili ujue ipi ipachikwe wapi. Diski uliyoiongeza baadaye haimo katika faili hiyo, ndiyo maana inausubiri mkono wako.

Anza kwa kutengeneza folda ya kuipachikia, kwa mfano `sudo mkdir /mnt/hifadhi`. Kisha toa amri `lsblk -f`, nayo itakuonyesha kila kizigeu (sehemu ya diski), aina ya mfumo wake wa faili na namba yake ndefu ya utambulisho, yaani UUID. Kabla ya kugusa chochote weka nakala ya faili ya zamani kwa `sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.bak`, halafu ifungue kwa `sudo nano /etc/fstab` na uongeze mstari mmoja mwishoni:

`UUID=3f1c9a52-7b0e-4d6a-9c41-58e2d07ab916 /mnt/hifadhi ext4 defaults,nofail 0 2`

Namba hiyo ni ya mfano tu. Weka ya diski yako. Mstari una sehemu sita zinazotenganishwa kwa nafasi: diski yenyewe, folda, aina ya mfumo wa faili, masharti ya kupachika, na tarakimu mbili. Ya kwanza kati ya tarakimu hizo ilikusudiwa programu ya zamani ya kuhifadhi nakala, kwa hiyo iache 0. Ya mwisho hupanga zamu ya ukaguzi wa diski wakati wa kuwaka: 1 ni ya diski ya mfumo, 2 ni ya nyingine, na 0 maana yake isikaguliwe. Jina la folda likiwa na nafasi ndani yake, nafasi hiyo huandikwa `\040`, ingawa mimi ningechagua jina lisilo na nafasi na kujiepushia usumbufu.

*Kwa nini nisiandike tu /dev/sdb1? Ni fupi na inasomeka.*

Kwa sababu jina hilo si la diski. Ni la zamu. Kerneli, yaani kiini cha Linux, hugawa majina ya sda, sdb na sdc kadiri inavyozigundua diski, na ukichomeka fleshi kabla ya kuwasha mashine, au ukihamisha kebo, iliyokuwa sdb jana yaweza kuwa sdc leo. UUID imeandikwa ndani ya mfumo wa faili wenyewe na huandamana nao popote. Hubadilika ukiifomati diski upya, na ukiinakili diski nzima kwa amri ya `dd`, nakala nayo hubeba namba ileile, kwa hiyo usiziache zote mbili zimechomekwa.

*Niliongeza mstari, kila kitu kikaenda sawa kwa miezi kadhaa. Juzi nikaichomoa diski ile, na kompyuta ikagoma kuwaka: ilikaa muda mrefu, kisha ikaleta skrini nyeusi yenye maneno "emergency mode". Je, nimeharibu mfumo?*

Hujaharibu kitu. Diski iliyoandikwa katika fstab bila sharti lolote huhesabiwa kuwa ya lazima. Systemd, programu inayosimamia kuwaka kwa mfumo, huisubiri kwa sekunde 90, na isipotokea husimamisha safari na kukupeleka kwenye hali hiyo ya dharura. Ingiza nenosiri la mtumiaji mkuu, toa amri `mount -o remount,rw /` ili uweze kuandika, fungua /etc/fstab na uweke alama ya # mwanzoni mwa mstari ule, kisha washa upya. Mfumo ukikataa kukuingiza, washa mashine kwa fleshi ya usakinishaji na uirekebishe faili kutoka huko.

Dawa ya kudumu ni neno `nofail`, ambalo huuambia mfumo uendelee hata diski ikikosekana. Ukitaka usisubiri muda mrefu, ongeza pia `x-systemd.device-timeout=10s`. Masharti haya hutenganishwa kwa koma bila nafasi hata moja. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika `defaults, nofail`, na ile nafasi moja baada ya koma ikalisukuma neno `nofail` hadi sehemu ya tano, mahali pa tarakimu. Jioni nzima nikaitafuta hitilafu iliyokuwa mbele ya macho yangu.

*Nitajuaje kuwa mstari uko sahihi kabla ya kuwasha upya?*

Toa amri tatu kwa mfuatano: `sudo findmnt --verify`, `sudo systemctl daemon-reload`, na `sudo mount -a`. Ya mwisho ikinyamaza, ni heri. Ikilalamika, usiwashe upya mpaka malalamiko yaishe.

*Diski inapachikwa vizuri, lakini siwezi kuandika kitu ndani yake.*

Jibu linategemea mfumo wa faili. Katika ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, umiliki umeandikwa ndani ya diski, na diski mpya huwa mali ya mtumiaji mkuu. Toa amri `sudo chown $USER: /mnt/hifadhi`, lakini baada ya kupachika, ukiitoa kabla, utakuwa umebadilisha umiliki wa folda tupu ambayo diski itaifunika.

NTFS na exFAT, mifumo ya faili itokayo upande wa Windows, hazifuati utaratibu huo, hivyo umiliki hutajwa katika fstab, kwa mfano `uid=1000,gid=1000,umask=022`; amri `id` itakuonyesha namba zako. NTFS ikikubali kusomwa tu, mara nyingi ni kwa sababu Windows ilizimwa ikiwa katika hali yake ya kuwaka haraka, ambayo huiacha diski kama iliyosinzia. Rudi Windows, izime kipengele hicho, kisha uizime mashine kikamilifu.

*Ninatumia diski ya nje kuhifadhi nakala kila usiku, na wakati mwingine husahau kuichomeka. Je, nofail inatosha?*

Inatosha kwa kuwaka, lakini inafungua mlango wa tatizo jingine. Diski isipokuwepo, folda yake ya kupachikia, tuseme /mnt/nakala, bado ipo, tena ni tupu, na programu yako itaandika humo kwa utulivu kabisa mpaka diski ya mfumo ijae. Ukija kuichomeka diski ya nje, faili hizo zitafunikwa na hutaziona, huku nafasi ikiwa imekwisha bila maelezo. Basi, diski ikiwa imebanduliwa, toa amri `sudo chattr +i /mnt/nakala`. Folda tupu itakataa kuandikwa, ilhali diski itaendelea kupachikwa juu yake kama kawaida. Katika hati ya amri za kunakili nayo, tanguliza `mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1`, ili kazi isianze kabisa diski isipokuwepo.