Binti ameanza kuikimbia sayansi: jibu kwa mama wa Kondele

Dada, unasema binti yako wa Gredi ya 8, yule aliyekuwa akifungua kila redio ya nyumbani, sasa anadai sayansi ni ya wavulana. Unauliza kama umwache tu. Usimlazimishe, lakini usikubali haraka.

Umri huo mimi nilikaribia kuichukia fizikia. Maabara tulikuwa watano kwa kifaa kimoja. Wavulana walishika betri na nyaya, mimi nikapewa kalamu niandike matokeo, eti mwandiko wangu ni mzuri. Muhula mzima sikugusa hata balbu! Kwa hiyo kabla ya kumhubiria, muulize: darasani ni nani anayeshika vifaa? Akisema yeye ni wa kuandika tu, mwone mwalimu wake, kwa upole, wawe wanapokezana.

Nyumbani mrudishie bisibisi. Mpe ile tochi iliyokufa, afungue mwenyewe, asugue kutu kwenye springi kwa msasa. Akiiharibu, si ilikuwa imekufa tayari?

Mkielekea Busia, mwonyeshe KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kisian, mwambie humo wanachunguza malaria, na wanawake wamo.

Mikondo ya masomo ya sekondari ya juu ni mitatu, mmoja wao ni wa sayansi, na wanafunzi wanaanza kuifuata Gredi ya 10, kwa hiyo mna muda. Ila hisabati asiilegeze hata wiki moja; ikishamwacha nyuma, huo mkondo wa sayansi ataupata kwa shida. Na kaka zake wakimcheka, wape vyombo waoshe yeye akimalizia tochi.