Swali la Lugha: Mwanga husambazwa, hutawanywa au hutawanyika?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninatafsiri makala ya fizikia kwa ajili ya wanafunzi wa chuo cha ufundi, nami nimekwama kwenye sentensi hii: "Leza ya nyuzi yenye kizingiti cha chini hubuniwa kwa kusambaza mwanga na kwa kukua kwa mwanga." Mwenzangu mmoja anataka "kutawanya", mwingine "kutawanyika". Na hicho kizingiti kinanitia shaka. Lipi ni lipi?

Jibu: Marahaba. "Kusambaza" liondoe kwanza. Kinachosambazwa hupelekwa kinakotakiwa: umeme husambazwa vijijini, vitabu husambazwa shuleni. Mwanga unaozungumziwa hapa haupelekwi popote. Unagonga vitu vidogo mno ndani ya unyuzi, yaani uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga, unaacha njia yake na kwenda kila upande. Huko ni kutawanyika, kama tunavyosema umati umetawanyika.

Sasa, -tawanya au -tawanyika? Hapa inabidi uielewe leza yenyewe, yaani kifaa kinachotoa mwali mwembamba wa mwanga, kabla ya kuchagua kitenzi. Leza ya kawaida ina vioo viwili vya kuakisi, na mwanga hupita huku na huku katikati yake ukizidi nguvu kila safari. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, na wenzao wa Novosibirsk, Urusi, walionyesha leza isiyo na vioo hivyo kabisa. Walitumia unyuzi wa kawaida wa mawasiliano wenye urefu wa kilomita 83. Kioo cha unyuzi hakina ulinganifu kamili: kilipokuwa kikipoa, tofauti ndogo ndogo za msongamano ziliganda humo humo. Mwanga ukizifikia hutawanyika, na sehemu ndogo sana hurudi nyuma ikifuata unyuzi ule ule. Kwa kilomita nyingi, na kwa kuwa mwanga huo unaongezewa nguvu njiani, hicho kidogo kinachorudi kinatosha kuifanya leza iwake.

Katika kisa hicho hakuna fundi aliyekusudia kuutawanya mwanga. Kiambishi -ik- kinafaa hasa, kwa sababu kinaeleza tukio bila kumtaja mtendaji: mwanga hutawanyika, na jina lake ni mtawanyiko. Ukitaka kukitaja kioo, sema "mwanga hutawanywa na kioo". Nayo ni sahihi.

Lakini makala yako inahusu kubuni, na hapo mwenzako wa kwanza ana hoja. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Montreal, Kanada, walichukua unyuzi uliotiwa erbiamu, metali inayosaidia kuongeza nguvu ya mwanga, wakauchora kwa miale ya urujuanimno alama nyingi zilizopangwa bila mpangilio maalumu, ili mwanga urudishwe na alama hizo. Leza yao iliwaka kwa nguvu ya miliwati 3 tu, ilhali ile ya kilomita 83 ilihitaji zaidi ya wati moja. Alama zile ziliwekwa kwa makusudi, kwa hiyo "kutawanya" na "utawanyaji" vinastahili. Mimi ningeandika "mtawanyiko" pale kioo chenyewe kinapofanya kazi kwa asili yake, na "utawanyaji" pale mbunifu anapoutengeneza. Sioni sababu ya kuchagua neno moja kwa kurasa zote wakati sarufi yetu inatupa tofauti hiyo bure.

"Kukua kwa mwanga" si sahihi kwa hoja hiyo hiyo. Mwanga haukui wenyewe. Atomu za erbiamu hulishwa nishati na mwanga mwingine, kisha zinaitoa zinapopitiwa na mwanga wa leza. Kuna anayekuza, basi sema "ukuzaji". Ila msomaji anaweza kufikiria lenzi ya kukuzia maandishi, kwa hiyo mara ya kwanza andika "kuongeza nguvu ya mwanga", halafu uendelee na "ukuzaji".

Nimefika kwenye kizingiti, na shaka yako ni ya haki. Mlango una kizingiti cha juu na kizingiti cha chini, kwa hiyo "kizingiti cha chini" msomaji wetu ataona ubao anaouvuka kwa mguu. Akiwa msomaji wa magazeti ataona pingamizi, kwani huko vizingiti huondolewa kila siku. Makala inamaanisha jambo jingine: nguvu ndogo kabisa inayohitajika ili ukuzaji ulingane na upotevu wa mwanga, na leza ianze kuwaka. Sema "kiwango cha kuanzia", au bora zaidi, tumia kitenzi: "leza inayowaka kwa nguvu ndogo". Wahandisi wetu wanaotumia "kizingiti" darasani wanaelewana, siwakatazi, ila basi kiwe "kizingiti kidogo".

Kuhusu "nyuzi": leza hii hukaa ndani ya unyuzi mmoja, kwa hiyo tumia umoja. Usiseme "mkongo", maana mkongo mmoja hubeba nyuzi nyingi.

Ningeiandika hivi: "Leza ya unyuzi wa kioo inayowaka kwa nguvu ndogo hubuniwa kwa kutegemea mtawanyiko wa mwanga pamoja na ukuzaji wake." Kama makala yako inahusu nyuzi za kuchorwa kama zile za Montreal, badilisha "mtawanyiko" uwe "utawanyaji", mengine yabaki yalivyo.