Mgeni anayerudi kwenye skii za majini: mchagulie kwa mwili wa leo

Kijana anayeanza kazi kwenye gati la michezo ya maji, iwe Kilifi, Mtwapa au Watamu kwenye pwani ya Kenya, hufundishwa mapema namna ya kumwanzisha mtu asiyejua kabisa skii, yaani mbao za kuvaa miguuni na kuvutwa na boti juu ya maji. Mgeni aliyewahi kupanda zamani na sasa anataka kurudi huachwa ajichagulie, kwa kuwa anaonekana anajua. Kosa linaanzia hapo. Mgeni huyo anakumbuka mwili aliokuwa nao mwaka 1998, boti iliyomvuta wakati ule na ziwa la kwao lisilo na viwimbi. Kazi yako ni kumpa skii inayofaa mwili alionao leo, nyuma ya boti uliyonayo, kwenye maji haya ya hori.

Muulize kabla hajanyoosha mkono kwenye rafu. Mara ya mwisho alipanda lini? Alikuwa anatumia skii mbili au moja? Mguu gani ulikuwa mbele? Je, amepasuliwa goti, bega au mgongo tangu wakati huo? Swali la uzito liache mwisho, muulize pembeni bila wenzake kusikia, na mweleze kwamba skii huchaguliwa kwa kilo. Usikadirie kwa macho. Mwingereza atakutajia stoni na Mmarekani ratili: stoni 1 ni kilo 6.35, ratili 1 ni kilo 0.45 hivi. Kwa hiyo stoni 15 na ratili 210 zote ni kama kilo 95. Hesabu hiyo ndogo inaamua mambo mengi, kwani aliyeachia mchezo akiwa na kilo 72 akarudi na kilo 95 ni mtu mwingine kabisa majini.

Safari ya kwanza ni skii mbili. Hata akikwambia alikuwa anakata maji kwa mguu mmoja tangu utotoni, mwombe kwa adabu aanze na jozi kwa dakika tano. Akisimama bila shida, magoti yakiwa laini na mikono imenyooka, akavuka wimbi la boti kwenda na kurudi mara mbili tatu, mpandishe daraja hadi skii moja siku hiyohiyo. Wageni wengi wakielezwa sababu hukubali, na wengi hushukuru baadaye.

Jozi ya inchi 67, yaani sentimita 170, inawafaa watu wazima wengi, tangu kilo 60 hivi hadi 90. Mwenye kilo 50 atatawala vizuri zaidi jozi fupi ya inchi 63 au karibu na hapo. Anayezidi kilo 95 mtafutie jozi pana zaidi, kwa sababu upana ndio unaomnyanyua kabla boti haijashika kasi. Angalia pia skii ipi kwenye jozi ina mkanda wa vidole nyuma ya kiatu. Hiyo ivaliwe na mguu wake wa mbele, ili baadaye akitaka kuiacha ya pili majini, mguu unaobaki huru uwe na mahali pa kuingia. Ukibadilisha kulia na kushoto, atajikuta kwenye kasi amesimama kwa mguu asiouzoea.

Boti inasahaulika sana katika uchaguzi huu. Boti zetu nyingi ni za faiba zenye mashine ya nyuma ya nguvu farasi 40 mpaka 85, wakati mgeni huenda alizoea boti maalumu ya skii yenye injini kubwa ndani. Mashine ya 40 itamtoa mtu wa kilo 70 kwenye skii mbili. Ukimfunga mtu wa kilo 95 kwenye skii moja, yaani ubao mmoja mwembamba, nyuma ya mashine hiyohiyo, hatoki. Ataburutwa mita 30 au 40 maji yakimpiga usoni, mikono itachoka, nahodha ataongeza mafuta kwa huruma, na mgeni atapinduka kifudifudi. Kadiri mashine ilivyo dhaifu, ndivyo ubao unavyotakiwa kuwa mpana. Pangeni jambo hili na nahodha mapema, kabla mgeni hajaingia majini.

Sasa ubao mmoja. Ukikuta kwenye rafu ubao mwembamba wa kaboni unaong'aa, mgeni atauendea huohuo. Mbao za namna hiyo zimetengenezewa kasi ya mashindano. Kwenye slalom, yaani mashindano ya kuzunguka maboya kwa skii moja, kasi ya juu kabisa ni kilomita 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Ukiukokota ubao huo kwa kilomita 40 unazama nyuma, pua inainuka, na mguu wa nyuma unabeba mzigo wote. Anayerudi anahitaji ubao mpana kuanzia katikati hadi mbele, wenye ulaini kidogo, unaoelea vizuri kwenye kilomita 38 hadi 45 kwa saa, yaani noti 21 hadi 24 kama kipima mwendo chenu kinasoma noti. Kwa urefu, chukua kipimo hiki kama mahali pa kuanzia: kilo 55 hadi 65, inchi 65 au 66; kilo 66 hadi 77, inchi 67; kilo 78 hadi 90, inchi 68 au 69; zaidi ya hapo, inchi 70 na kuendelea. Maandishi ya mtengenezaji yakiwa bado yanasomeka juu ya ubao, fuata hayo. Ukisita kati ya saizi mbili, mpe kubwa. Ubao mkubwa kupita kiasi una ubaya wake, unarukaruka kasi ikipanda na unachelewa kukata kona, lakini mgeni atakuwa amesimama, na aliyesimama anaweza kujifunza.

Pezi la chuma chini ya ubao liache lilivyowekwa kiwandani. Milimita moja tu inabadilisha tabia ya ubao, na mgeni atadhani amesahau mchezo. Kinachofaa ni kupitisha kidole kwenye ukingo wake kuangalia kama limepinda au limechubuliwa na mawe. Mara nyingi mapezi huvunjika kwa sababu mgeni amevaa skii kwenye maji ya magoti na kusimama juu yake. Avalie kwenye maji yanayofika kifuani, au akiwa ameketi kwenye ngazi ya boti, mashine ikiwa imezimwa.

Kiatu ndicho kitu cha kupewa muda. Ulowanishe mguu na mpira, mimina maji yaliyochanganywa na sabuni kidogo ya vyombo, kisha mwambie asukume vidole mbele kabla ya kuvuta kisigino. Mafuta ya aina yoyote hapana, yanaoza mpira. Mguu ukishaingia, bana mpira wa nyuma ya kisigino kwa vidole viwili. Ukiweza kuuvuta kirahisi ukaacha nafasi, kiatu ni kikubwa, na mguu utachezacheza hadi utoke katikati ya kona. Akikunja uso na vidole vikianza kufa ganzi, kimebana mno, na akianguka hakitamwachia. Unachotafuta ni mguu uliotulia ambao bado unaweza kutoka kwa nguvu ya mwanguko. Kwa anayerudi, chagua kiatu kamili mbele na mkanda wa vidole nyuma. Viatu viwili vigumu vilivyofungwa kwenye ubao mmoja waachie walio mazoezini, kwani mguu mmoja ukitoka na mwingine ukabaki, kifundo cha mguu ndicho kinacholipa.

Jaketi okozi limkae mwilini. Mwinue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, punguza saizi au kaza mikanda.

Kuna jeraha moja linalowapata hasa watu wazima wanaorudi, nalo ni kuchanika msuli wa nyuma ya paja, wakati mwingine hadi kung'oka kwenye mfupa wa makalio. Hutokea wakati wa kutoka majini. Mtu ananyoosha magoti mapema, kiwiliwili kimeinama mbele, boti inavuta, na msuli unavutwa pande mbili kwa pamoja. Mwambie hivi: magoti kifuani, mikono imenyooka nje ya magoti, pua za skii juu ya maji, kisha ajikunje na kusubiri. Asijivute kwa mikono, asikimbilie kusimama, maji yatamnyanyua. Nahodha naye akaze kamba taratibu kwanza, asikie neno la kuondoka, kisha aongeze mafuta kwa mfululizo bila kushtua. Akishasimama kwenye skii mbili, kilomita 28 hadi 34 kwa saa zinatosha, sawa na noti 15 hadi 18. Akishindwa kutoka mara tatu, mpumzishe na umbadilishie skii pana zaidi. Jaribio la nne kwa mikono iliyochoka ndilo linaloleta ajali.

Kamba iwe ya skii inayoelea, mita 23 pamoja na mpini. Ile ya wakeboard, yaani ubao mmoja mpana unaopandwa kiubavu, isiyonyumbuka kabisa, inampiga mabega kila boti inapopanda wimbi. Kubalianeni ishara nchi kavu: gumba juu ni kasi zaidi, gumba chini ni punguza, mkono shingoni ni zima, kupiga kichwa kwa kiganja ni turudi. Awepo mtu wa pili kwenye boti asiyefanya kingine ila kumtazama mgeni.

Saa ya kutoka nayo ni sehemu ya uchaguzi wa skii. Asubuhi kabla upepo haujaamka, maji yakiwa yamejaa, hori linapitika kwa ubao wowote. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwenye pwani yetu, na palipokuwa na kina panaweza kuwa fungu la mchanga saa chache baadaye. Kusi likichacha na viwimbi vikianza, baki na skii mbili hata kwa aliyefuzu jana. Jihadharini na nyavu na mitumbwi ya wavuvi, wao wako kazini.

Siku ya kwanza safari mbili za dakika sita hadi nane zinamtosha. Viganja na mikono ya mbele huchoka kabla yeye hajajua. Akishuka, suuza skii kwa maji baridi, zianike kivulini kwa sababu jua linapasua mpira, na upitie kila skrubu ya viatu kwa bisibisi, maana chumvi huzilegeza na kuzila. Kisha andika kwenye daftari: kilo zake, mguu wa mbele, urefu wa skii, tundu la ubao kiatu kilipofungwa na kasi aliyotulia nayo. Kesho zamu ikiwa ya mwenzako, ataanzia hapo.