Barakoa za kitambaa nyumbani kwenye mgonjwa wa kifua: jibu la fundi

Dada wa Kayole, umeuliza ununue kitambaa gani, nani avae kati yenu na mama mkwe anayekohoa, na mtafuaje ilhali maji ya mgao hayaji kila siku. Mimi ni fundi wa nguo Githurai. Tangu serikali ya Kenya ilipoagiza watu wavae barakoa Aprili 2020 nimeshona nyingi, na baadaye nikamuuguza baba nyumbani, kwa hivyo swali lako limenigusa.

Kwanza kikohozi chenyewe. Kikipita wiki mbili, mpeleke akapimwe kifua kikuu (TB). Katika vituo vya afya vya serikali kipimo na dawa za TB ni bure. Nakuomba usiache barakoa ichukue nafasi ya kipimo hicho, kwa sababu barakoa ya kitambaa haimkingi vya kutosha mtu anayelala chumba kimoja na mwenye TB. Inachofanya vizuri ni kuzuia matone yanayomtoka anayekohoa. Ndiyo maana wa kwanza kuvaa ni shosho mwenyewe, yaani mama mkwe wako, kisha nyinyi mnaomhudumia, na madirisha yawe wazi hata kukiwa na baridi ya Julai.

Sasa kitambaa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo Juni 2020 lilipendekeza tabaka tatu: ndani pamba inayonyonya unyevu, nje kitambaa kisichoshika maji upesi kama poliesta, na katikati ile nguo isiyofumwa ya polipropilini. Hiyo ya katikati unaijua: ndiyo ya mifuko mingi ya sokoni iliyoenea baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku 2017. Chukua mpya, isiyobebewa kitu. Usipoipata, pamba tabaka tatu zilizofumwa kwa kubana bado ni nzuri. Kiinue kitambaa kwenye mwanga wa jua. Ukiona matundu ya ufumaji waziwazi, kirudishe. Fulana kuukuu inayovutika naikataa, maana ikinyooka matundu yanafunguka.

Vitenge vingi vinavyouzwa mjini kwa jina la pamba ni poliesta. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikaganda kitone kigumu. Na kabla fundi hajakata, kitambaa kifuliwe kikauke, la sivyo barakoa itasinyaa baada ya kufuliwa mara ya kwanza na kuacha kidevu nje.

Jinsi barakoa inavyokaa usoni ndiyo ninayoiangalia kuliko rangi na hata kuliko bei. Kitambaa bora kilicholegea mashavuni hakina kazi, kwa kuwa hewa hupita pale penye nafasi. Mwambie fundi aweke waya laini juu ya pua, kwenye mfuko mdogo ulioachwa wazi upande mmoja ili uutoe wakati wa kufua usishike kutu. Vaa, bana pua, kisha pumua kwa nguvu. Ukisikia hewa machoni au miwani ikiingia ukungu, rekebisha lastiki. Kwenye matatu, makanga akiomba nauli, usiishushe kidevuni kisha uipandishe tena. Ikilowa mvua au jasho, badilisha. Beba ya pili kwenye bahasha safi ya kaki, na iliyotumika iwe na mfuko wake.

Kufua hakuhitaji maji mengi. Nawa mikono, fua kwa sabuni ya kipande kwenye beseni dogo, suuza, kisha chemsha kwenye sufuria. Dakika moja ya kutokota inatosha. Mimi napenda njia hii kuliko dawa ya klorini, maana dawa ikizidi inawasha kifua ambacho tayari kinauma. Ukilazimika kuitumia, soma chupa: ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji, loweka dakika moja, halafu suuza mpaka harufu iishe. Anika juani, na usivae yenye unyevu. Ni nzito kupumulia na inaota ukungu. Ile yenye polipropilini usiipige pasi ya moto, itayeyuka. Kitambaa kikichakaa au lastiki ikilegea, tupa.

Kila mtu awe na zake, hata mkiwa mama na binti. Shona ya shosho kwa uzi wa rangi tofauti ili zisichanganyike kambani.

Mtoto wa chini ya miaka miwili asivalishwe kabisa. Shosho naye mvueni anapolala, au akihema kwa shida, na hapo kwenye kuhema kwa shida mkimbizeni hospitali hata kama ni usiku.

Kama jirani ana cherehani, niambie upana wa uso wa shosho kutoka sikio hadi sikio nikuwekee vipimo vya kukata.