Jibu: kwa nini wasizungushe tu chombo cha anga?

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini wanaanga wahangaike na mazoezi ya muda wa saa mbili kila siku wakati chombo kingezungushwa wakapata uvutano wa bandia, yaani mzunguko unakusukuma ukutani unajihisi una uzito. Kifizikia uko sawa. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, roketi sizijui, ila kwenye mwili wa binadamu nina la kusema.

Mwili usiobeba uzito unanyauka, hilo naliona wodini. Mgonjwa aliyevunjika paja na kulazwa wiki kadhaa, siku ya kwanza ukimsimamisha na magongo unakuta paja limesinyaa, presha inashuka, jasho linamtoka, unamrudisha kitandani fasta. Huko juu mfupa wa nyonga hupungua kama asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi. Na uvutano wa bandia unasaidia kweli: mwaka 1977 Wasovieti walirusha panya kwenye satelaiti ya Kosmos 936, na waliozungushwa mifupa yao ilisalimika zaidi kuliko wenzao walioelea tu.

Kinachogoma ni sikio la ndani. Jaribu ofisini: kaa kwenye kiti cha kuzunguka, fumba macho, mwenzako akuzungushe polepole kwa kasi ileile. Baada ya muda utahisi umesimama, maana majimaji ya sikioni yameshakwenda sawa na kichwa. Sasa laza kichwa begani. Utajiona unabinuka kama unaanguka na kiti, na kumbe hujaenda popote. Chuoni tulifanyiana hivi. Jamaa mmoja mbabe sana alibaki ameng'ang'ania meza, hataki kusemeshwa. Wekeni beseni karibu.

Kwenye chombo kinachozunguka kila ukigeuka kuchukua kijiko ni hivyo hivyo. Daktari Mmarekani Ashton Graybiel aliwakalisha watu kwenye chumba kinachozunguka huko Pensacola, Florida: mizunguko 3 kwa dakika wengi walivumilia, 10 ikawa kichefuchefu na kusinzia ovyo. Mtu anaweza kuzoea kasi ikipandishwa kidogo kidogo, lakini ukitaka mizunguko 2 tu na uzito kama wa duniani, unahitaji gurudumu lenye nusu kipenyo cha mita 224 hivi, yaani upana wa mita 448. Kituo cha kimataifa cha anga chote kina urefu wa mita 109. Nani atalipia hiyo?

Ndiyo maana wanajaribu mashine fupi: unalala, kichwa karibu na katikati, miguu nje, unazungushwa kwa muda. Mwaka 2019 huko Cologne, Ujerumani, watu 24 walilazwa kitandani siku 60 ili miili idhoofike kama ya walio angani, baadhi yao wakizungushwa dakika 30 kila siku. Misuli iliendelea kudhoofika. Mimi halikunishangaza, kwa sababu mle kwenye mashine walikuwa wamelala tu. Mgonjwa wangu nisipomfanyisha kazi, paja halirudi. Toulouse, Ufaransa, wameshaanza kuwapigisha watu baiskeli huku wanazungushwa, na hapo ndipo ningeweka hela yangu kabla ya gurudumu lako la mita 448.