Kipepeo wa kwenye michungwa, mbona hana mkia?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi niko Muheza, nyumbani tuna michungwa, na kila siku namuona kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anazungukazunguka pale kwenye miche. Mjomba anasema ni wa ile jamii ya mkia wa mbayuwayu ila mi mkia siuoni hata kidogo. Nani yuko sahihi? Na wale viwavi kwenye majani ndo watoto wake?

JIBU: Marahaba. Mjomba yuko sahihi. Huyo ni Papilio demodocus, na jina la jamii lisikuchanganye manake wapo wengi humo wasio na mkia. Muangalie bawa la nyuma, ile pembe ya ndani ina alama kama jicho, nyekundu na buluu, halafu akinyonya ua hatulii, mabawa yanapigapiga muda wote.

Ila mimi alama ninayoiamini zaidi ni miguu. Jamii hii inasimama kwa miguu sita, wakati wengine wengi tunaowaona, kama yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, wanasimama kwa minne tu, ile miwili ya mbele imedumaa wameikunja kifuani. Sasa hapo ndo utamu ulipo, kuna ndugu yake anaitwa Papilio dardanus, dume ni njano ya maziwa na mikia yake mizuri, lakini jike huku kwetu mkia hana na wengine wamefanana kabisa na huyo wa chungwa, ambaye ndege hawamtaki kwa sababu ya sumu, kwa hiyo jike anamuigiza asiliwe. Watu walidhani dume na majike yake ni aina tofauti kabisa, mpaka mtaalamu wa vipepeo Roland Trimen alipokuja kueleza mwaka 1869 kwamba ni kitu kimoja. Hesabu miguu, hatakudanganya.

Kuhusu viwavi, wakiwa wadogo wanafanana na mavi ya ndege, wakikua wanakuwa kijani. Mguse mmoja taratibu nyuma ya kichwa, akichomoa kitu chekundu-chekundu chenye pacha mbili kama ulimi wa nyoka na harufu kali ikakupiga puani, basi ndo mwenyewe. Na nakuomba sana usipulize dawa, mchungwa mkubwa hauumii kwa viwavi wachache, ni mche ndo unaomalizwa majani, watoe kwa mkono uwahamishie kwenye mti mkubwa.